Komenti 400, hakuna aliyeona kuwa sinia halipo

Mama amekalia kibao cha mbuzi, kanga ameikaza fundo kiunoni, kizio cha nazi amekishika kwa mikono miwili anakikandamiza kwenye meno ya chuma. Nyuma yake kuna ukuta wa udongo, kuku mmoja na ndoo ya bluu yenye mpini wa waya. Picha hiyo ilichorwa kwa siku nne kwenye tableti na dada mmoja wa miaka 27, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Aliipandisha Instagram saa mbili usiku, akaenda kuoga.

Aliporudi alikuta komenti 60. Kulipokucha zilikuwa zimepita 400.

"Mwanzo nilifurahi, kaka," ananiambia. "Nikasema leo wamenielewa. Halafu nikaanza kusoma."

Ananipa simu nijisomee. Komenti ya kwanza ni ya makalio ya mama wa kwenye picha. Ya pili inamjibu wa kwanza. Ya tatu ni mganga wa kurudisha mpenzi ndani ya saa 24, na namba ya simu ameweka. Ya nne inauliza kama mchoraji naye amejaaliwa hivyo hivyo. Yupo anayetoa mikopo isiyo na dhamana, yupo anayewaita watu wajiunge na Freemason wapate utajiri, na katikati kuna mabishano marefu ya mashabiki wa wasanii wawili wa Bongo Fleva, ambao hata mmoja hahusiki na nazi. Chini kabisa mtu amemtukania mchoraji mama yake, bila kisa, kama mpita njia aliyetema mate akaendelea na safari.

Jioni hiyo alibonyeza nukta tatu zilizo kwenye kona ya juu ya picha, akazima komenti. Zote zikafichika. Wiki iliyofuata akazima na za picha nyingine zote, za miaka mitatu. Ameomba jina lake lisiandikwe hapa, na kwa niliyoyasoma kwenye simu ile, sikumuuliza kwa nini.

Kitufe cha zamani

Uwezo wa kuzima komenti haukuanza jana. Instagram iliufungulia umma Desemba 2016, miezi michache baada ya kuleta kichujio kinachoficha komenti zenye maneno ambayo mwenye ukurasa ameyakataa. YouTube ilikuwa nao kabla ya hapo.

Aliyeugeuza uamuzi huo kuwa habari ya dunia ni Felix Kjellberg, Mswidi anayejulikana kwa jina la PewDiePie. Mwishoni mwa Agosti 2014, chaneli yake ikiwa ndiyo yenye wafuasi wengi kuliko zote YouTube, alitangaza kwamba anafunga komenti. Lalamiko lake lingeeleweka hata Tabata: matangazo ya watu wanaojinadi, wachokozi na wanaowajibu wachokozi, hadi mashabiki wake wa kweli akawa hawaoni. Oktoba mwaka huo alizirudisha kwa sharti kwamba komenti haionekani mpaka ipitishwe kwanza.

Wengine waliondoka kwa maumivu zaidi. Julai 2016 mchekeshaji Mmarekani Leslie Jones aliipa Twitter kisogo kwa siku kadhaa baada ya kumwagiwa kejeli za ubaguzi wa rangi kwa sababu ya filamu ya Ghostbusters aliyoicheza. Mwaka 2018 mwigizaji Kelly Marie Tran, aliyecheza kwenye Star Wars, alifuta kila kitu alichowahi kuweka Instagram. Korea Kusini walifika mbali zaidi. Baada ya kifo cha mwimbaji Sulli, Oktoba 2019, ambaye alikuwa amezungumza hadharani juu ya matusi ya mtandaoni, tovuti ya Daum ilifunga komenti chini ya habari zote za burudani mwezi huo huo, na tovuti nyingine, Naver, ikafuata Machi 2020. Huko aliyefunga mlango alikuwa mwenye jengo, msanii hakuulizwa.

Mzazi anayewawekea wanawe katuni YouTube huenda amekwisha kuona jambo hili bila kulitilia maanani. Tangu Januari 2020, video yoyote iliyowekewa alama kuwa ni ya watoto haina mahali pa komenti. Katuni hizo bado hutazamwa kwa mamilioni, na sijasikia mtoto aliyelalamika.

Zamani jibu lilikuwa na gharama

Waswahili hatukuanza kujibizana na simu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alirushiana mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa na uhasama, na humo mlikuwa na kejeli ambazo leo zingemfungia mtu akaunti. Lakini aliyetaka kumjibu Muyaka ilimbidi kwanza apange vina, ahesabu mizani, atafute fumbo litakalomchoma mlengwa huku wengine wakicheka. Ilimchukua siku, pengine wiki. Na akishindwa, alishindwa mbele ya mji mzima, kwa jina lake.

> Aliyetaka kumjibu Muyaka ilimbidi kwanza ahesabu mizani.

Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, malumbano yalihamia kwenye karatasi. Msomaji wa Ujiji aliyekasirishwa na shairi la mtu wa Tanga aliandika lake, akanunua stempu, akasubiri. Katikati yao alikaa mhariri, na mhariri alikuwa na kapu la taka. Ndivyo ilivyokuwa baadaye kwa wachora katuni. Wahusika kama Chakubanga wa gazeti la Uhuru na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo waliwachekesha watu na bila shaka waliwaudhi wengi, ila aliyeudhika alipaswa kuutafuta ukurasa wa barua za wasomaji na kuweka anwani yake.

Nenda ukumbi wa taarab uone. Shabiki aliyekunwa na wimbo huinuka mezani, akacheza hadi jukwaani, noti ikiwa juu ya kichwa, akamtunza mwimbaji. Kama ubeti umempata jirani yake, noti ile huipitisha kwanza mbele ya jirani, taratibu, wote waone. Hiyo ni komenti kali kuliko nyingi za Instagram. Imegharimu pesa, imetoka kwa mtu mwenye sura, na jirani naye anajua pa kumpata kesho.

Hata kwenye uwanja wa Tingatinga pale Oysterbay, mtaa ambako Edward Saidi Tingatinga alianza kuuza mbao zake zilizopakwa rangi mwaka 1968, wachoraji hufanya kazi mnunuzi amesimama mgongoni. Mnunuzi husema: twiga huyu shingo fupi. Mchoraji humwangalia, akaongeza shingo au akamwambia twiga ni wangu.

Kwa hiyo anayesema kwamba msanii akizima komenti anaua utamaduni wetu wa kujibizana, mimi humuuliza ni utamaduni upi hasa. Wa vina na noti, au wa mganga wa saa 24?

"Sisi ndio tuliokupandisha"

Hata hivyo upande wa pili una hoja, na niliwatafuta waliobaki nje ya mlango. Kijana mmoja kinyozi wa Mwananyamala, ambaye amemfuata mchoraji huyu tangu alipokuwa na wafuasi 300, hakuficha kinyongo.

"Mimi nilikuwa nawaita wana waje wamwone. Nilikomenti picha zake zote, hata zile mbaya," alisema, mashine ikiunguruma kichwani mwa mteja. "Sasa amekuwa mkubwa, anatuziba midomo. Kwani sisi wote tumemtukana?"

Hapana, hawakumtukana wote. Nilikaa na komenti zile (mwenye ukurasa akizifungua tena, hurudi jinsi zilivyokuwa), nikazihesabu moja moja. Zilizoizungumzia picha yenyewe zilikuwa 11. Mbili za hizo ziliuliza bei. Moja iliandikwa na mtu aliyesema amemkumbuka bibi yake wa Pangani, na mchoraji aliikopi, akaihifadhi. Kuzima komenti hakuchagui: kinyozi na mtukanaji hufungiwa nje pamoja.

Kuna hasara ya mfuko pia. Programu hizi huhesabu komenti kama ishara kwamba picha imewagusa watu, na picha iliyogusa husukumwa kwa wengine. Wanaotafuta wasanii wa kutangaza bidhaa nao huulizia komenti. Kampuni moja ya unga ilimpigia simu dada huyu, ikaomba takwimu za ukurasa wake, kisha ikanyamaza. Hajui kama sababu ni komenti. Anahisi hivyo.

Kijana anayejifunza kuchora naye hupoteza. Kwenye DeviantArt, mtandao wa wachoraji ulioanza Agosti 2000, kizazi kizima cha vijana kilijifunza anatomia ya mkono kwa kuelekezwa na watu wasiowajua, walioandika chini ya michoro yao kwamba kidole gumba kimekaa upande usio wake. Anayefunga tangu picha yake ya kwanza hujikosesha mwalimu.

Nilimwekea mchoraji hoja hizi zote. Akasikiliza, akamimina chai.

"Kaka, huyo kinyozi nampenda," alisema. "Ila ili nimsikie yeye mmoja, nipite kwanza kwenye watu 40 wanaonivua nguo. Kila asubuhi. Wewe ungepita?"

Komenti huwa fremu ya picha

Ipo sababu nyingine isiyohusu machozi ya msanii. Septemba 2013 jarida la Marekani la Popular Science, lililoanzishwa mwaka 1872, lilizima komenti kwenye tovuti yake. Moja ya tafiti lilizozitaja iliwapa watu 1,183 makala moja kuhusu teknolojia ya chembe ndogo za fedha. Makala haikubadilishwa hata neno. Kilichotofautiana ni komenti zilizokuwa chini yake: wengine waliwekewa za kistaarabu, wengine za matusi. Waliosoma matusi waliondoka na misimamo mikali zaidi kuhusu hatari za teknolojia ile ile.

Rudi sasa kwa mama na nazi yake. Aliyeifikia picha baadaye alikuta tayari ameelekezwa pa kutazama. Komenti ya kwanza ilisema makalio, na macho ya mtu wa 200 yakaenda huko huko. Siku nne za kuchora nuru inavyoangukia kwenye ndoo zilimalizwa na mtu aliyeandika maneno matatu akiwa kwenye daladala.

> Mtu wa 200 alikuta tayari ameelekezwa pa kutazama.

Mashine haijui mafumbo

Kwa nini asichuje tu? Alijaribu. Instagram ina orodha ambayo mwenye ukurasa huingiza maneno asiyoyataka. Dada aliingiza matusi 38, kazi ambayo yenyewe, anasema, ilimharibia siku. Ndani ya wiki wakaanza kuyaandika kwa tarakimu katikati, kwa herufi x na q, kwa sheng, kwa kilugha. Mmoja alimtukana kwa picha za matunda.

Kubwa zaidi, Mswahili akitaka kuumiza hahitaji tusi. "Hongera kwa kujaribu" ni maneno matatu safi, hakuna kichujio kitakachoyakamata, na kila aliyekulia uswahilini anajua yamekusudiwa nini. Watu waliozoea kusemana kwa maandishi ya kanga hawawezi kushindwa na programu iliyoandikwa California.

Kusoma yote hayo ni kazi, na wanaolipwa kuifanya huugua. Nairobi kumekuwa na kesi tangu mwaka 2022 dhidi ya Meta, kampuni mama ya Facebook, na kampuni ya Sama, iliyoajiri vijana wa kukagua maudhui ya Facebook. Taarifa za daktari zilizowasilishwa mahakamani, zilizotangazwa mwishoni mwa 2024, zilionyesha kuwa zaidi ya 140 kati yao walikuwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Wao walikuwa wakitazama mauaji na ukatili, mambo mazito kuliko komenti za picha ya nazi. Lakini walikuwa na zamu na mshahara. Mchoraji wa Tabata alikuwa akikagua ukurasa wake saa 5 usiku, bure.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, yenye kifungu cha unyanyasaji wa mtandaoni. Kenya ina ya mwaka 2018, ambayo adhabu yake kwa kosa kama hilo inaweza kufika shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Ila umpeleke nani polisi, akaunti yenye picha ya mwanasoka na jina la tarakimu?

Na sheria nayo huweza kumgeukia mwenye ukurasa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwabebesha watoa maudhui jukumu la kuondoa yaliyokatazwa ndani ya saa 12 baada ya kuarifiwa. Septemba 2021 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kuwa vyombo vya habari vinaweza kuhesabiwa kuwa wachapishaji wa komenti ambazo watu wengine wameandika kwenye kurasa zao za Facebook. Mwanasheria akiisoma hukumu hiyo atamshauri mteja wake jambo moja tu, na kitufe chake ni kile cha nukta tatu.

Asiyeruhusiwa kufunga

Nataka nieleweke. Ninapomtetea mchoraji simtetei kila anayezima komenti.

Idara inayotangaza mgao wa maji kisha ikafunga komenti siku hiyo hiyo haina hoja ya mchoraji. Ukurasa ule umefunguliwa kwa kodi, na anayelalamika ana ndoo tupu mkononi. Marekani wamelumbana juu ya hili hadi juu kabisa. Julai 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliamua kwamba Rais Donald Trump hakuwa na haki ya kuwazuia wakosoaji kwenye akaunti yake ya Twitter aliyokuwa akiitumia kwa shughuli za urais. Machi 2024 Mahakama ya Juu ikaweka kipimo: kiongozi hufungwa na katiba pale anapokuwa na mamlaka ya kuisemea serikali, na kwenye chapisho lile anayatumia mamlaka hayo. Sisi hatuna kesi kama hiyo ninayoweza kuishika mkononi, lakini mantiki yake haihitaji visa ya Marekani.

Mchoraji hajatoza mtu kodi. Picha yake iko wazi, mwenye nayo neno anaweza kuipeleka kwenye ukurasa wake mwenyewe akaikosoa hadi usiku wa manane, na wapo waliofanya hivyo. Alichokataa ni kutandikiwa jamvi mlangoni kwake. Katika hili nasimama naye. Ninachomlaumu ni kufunga picha za miaka mitatu kwa mpigo bila kuwaachia akina kinyozi hata dirisha. Hilo nilimwambia, akakubali nusu.

"Nazi inaangukia wapi?"

Nusu aliyoikubali ni meza. Tangu Machi, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hupanga nakala za picha zake kwenye soko dogo la kazi za mikono, zimefungwa kwenye plastiki, bei imeandikwa kwa penseli nyuma. Nilikwenda mwezi uliopita nikaketi kando.

Watu hupita. Wengi husema "nzuri" na kuendelea. Mwanafunzi mmoja aliuliza anatumia programu gani. Kinyozi wa Mwananyamala alikuja kweli, shati jeupe, akanunua picha ya kituo cha daladala na kusema hii ndiyo kali kuliko zote, akakaa nusu saa.

Mnamo saa sita alisimama bibi mmoja, mjukuu amemshika mkono. Aliinua picha ya mama na nazi, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu anakuna nazi au anaichezea?"

"Anakuna, bibi."

"Sasa nazi inaangukia wapi?" Aliweka kidole chini ya meno ya mbuzi, palipokuwa na udongo mtupu. "Sinia halipo. Nazi yote chini, na kuku huyo hapo anangoja. Kwetu Tanga ungechapwa."

Dada alitazama picha. Mimi pia nilitazama. Siku nne za kuchora, komenti zaidi ya 400, na mimi niliyezihesabu moja moja. Hakuna aliyeliona. Mchoraji alicheka mpaka akatafuta kiti.

Bibi hakununua. Alisema atarudi ikiwa imekamilika.

Picha imechorwa upya. Sinia lipo, la bati jeupe lenye maua mekundu, nazi imejaa hadi ukingoni, na kuku amesogezwa nyuma ya ndoo. Ilipandishwa Jumatatu iliyopita, komenti zimefungwa. Nakala ya kwanza iko chini ya meza, imefungwa kwa gazeti, bibi hajaja kuichukua.